Siku Tatu za Speranse na Chupa ya Mapovu

Tangu nistaafu, mume wangu ana lalamiko moja juu yangu. Sufuria ikiwa jikoni inatokota halafu ikanyamaza ghafla, mimi nainuka mbio, hata kama nilikuwa katikati ya sala. Yeye anadhani ni uroho wa maharage. Ninyi wa wodini mtanielewa vizuri zaidi. Miaka yangu ya mwisho kazini niliishi kwa kusikiliza maji yanayobubujika ndani ya chupa, na nilijua kwamba yakinyamaza, kuna mtoto kitandani anayehangaika.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi kwenye wodi za watoto huku kwetu, Kasulu, Kibondo na vituo vya jirani. Mashine mnazijua kuliko mimi, na chuoni mmefundishwa mengi ambayo sisi tulikuja kuyasikia tukiwa tayari na mvi. Sitashindana nanyi kwa hayo. Nitawaambia niliyokosea, maana hayo nayajua kwa moyo na hakuna mwingine wa kuyasimulia.

Watu wengi wanadhani kazi ngumu ni mtoto anapokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Si kweli. Akiwa kwenye mashine, mashine ndiyo inayopumua. Siku anapotolewa mpira kooni kila mtu anafurahi, daktari anakwenda kunywa chai, na mtoto anaachiwa kazi yote peke yake. Koo limevimba kwa sababu ya ule mpira, sauti imekwenda, makohozi ni mazito, na misuli ya kifua imesahau kazi yake kwa sababu kwa siku kadhaa kuna aliyeifanya kwa niaba yake. Hapo ndipo muuguzi anatakiwa kukaa karibu, na hapo ndipo wengi wetu tunakwenda kukalia viti.

Mmewahi kupuliza puto jipya? Pumzi ya kwanza ndiyo inayotoa machozi. Likishafunguka kidogo, zinazofuata ni rahisi. Mapafu ya mtoto mchovu yana tabia hiyohiyo: yakisinyaa kabisa kila anapotoa pumzi, basi kila pumzi kwake ni ya puto jipya. Ndiyo maana tukawa tunawawekea chupa. Vijipira viwili vifupi vinaingia puani, hewa yenye oksijeni inasukumwa ndani, na pumzi anayoitoa inapita kwenye mpira mrefu ambao ncha yake imezamishwa kwenye chupa ya maji. Maji yanaizuia ile pumzi isitoke yote mara moja, na mapafu yanabaki na kitu ndani. Mapovu yakionekana, mambo yanakwenda. Akina mama wa wodini waliniita Sista Mapovu, na nadhani wapo ambao hawajui jina langu hadi leo.

Nilianzia kazi Kibondo, chini ya Mama Leokadia, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi aliyeogopwa hata na madaktari. Enzi zile oksijeni ilikuja kwenye mtungi, na mtungi ukiisha tulibaki na maombi. Alikuwa na sheria moja: kabla hujagusa kitu chochote, simama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, mwangalie mtoto kifua wazi. Usiangalie chati wala saa. Angalia mbavu kama zinaingia ndani, pua kama inatanuka, kichwa kama kinaitikia kila pumzi. Ukimgusa kwanza atalia, na akilia umeshapoteza ulichokuwa unakitafuta. Alinikuta siku moja nimeshika mkono wa mtoto kabla ya kumwangalia, akanirudisha mlangoni niingie upya, mbele ya wageni. Nilikasirika kwa wiki nzima.

Alinifundisha pia kuogopa ukimya. Kwetu mtoto aliyetulia anasifiwa, na mama atakuambia kwa furaha, sista, sasa ametulia. Mtoto aliyekuwa anahangaika kupumua asubuhi, halafu mchana akatulia bila kupata nafuu yoyote kifuani, huyo amechoka. Msimfurahie. Mwiteni daktari wakati mtoto bado ana nguvu ya kumkasirikia.

Chupa zilipokuja, Mama Leokadia alikuwa ameshastaafu, na mimi nikajifunza kwa kuharibu. Mara ya kwanza niliona mapovu ni machache, nikaongeza maji mpaka karibu na shingo ya chupa, nikidhani maji mengi ndiyo dawa nyingi. Kumbe kina cha maji ndicho kipimo cha nguvu. Mtoto akavimba tumbo likawa gumu kama ngoma, na mimi nikaandika kwenye faili kwamba ana gesi. Daktari aliyekuja akapima kina kwa rula ya mwanafunzi, akamwaga nusu ya maji, hakunisema neno. Tangu siku hiyo kila chupa yangu ilikuwa na mstari wa plasta, na kila mtoto wa chupa alikuwa na mpira mwembamba wa tumboni ulioachwa wazi ili hewa itoke. Hayo ya plasta nawapa bure.

Sasa nije kwa Speranse, ambaye ndiye aliyenikalisha chini niandike.

Nilikuwa nimeshahamia Kasulu, nimebakiza muda mfupi nistaafu. Speranse alikuwa na miezi kumi na moja, binti wa familia moja ya wakulima huko Titye. Ukoo wao ulitoka Burundi zamani, ukapata uraia, na sasa wanalima mihogo na maharage na kulalamikia bei ya mbolea kama sisi sote. Alikuja na nimonia kali, akalala kwenye mashine siku nne. Mama yake, Odeta, alikuwa msichana mdogo tu, mpole, anayejibu kwa macho kuliko mdomo. Siku zote nne alikaa kwenye beseni lililopinduliwa, kwa sababu alisema kwenye kiti anasinzia.

Asubuhi ya siku ya tano Dokta Hamisi akamtoa mpira. Dokta Hamisi alikuwa kijana wa Tanga aliyesomea Dar, hodari, na maneno yake ya Dar yalinichosha kidogo. Tulifyonza makohozi, tukamkunjia khanga chini ya mabega ili shingo isijikunje, tukamwekea chupa. Maji yakabubujika. Speranse akafungua mdomo kulia na haikutoka sauti, ila pumzi tu na machozi. Odeta akaniangalia kwa hofu, nikamweleza kwamba koo limechubuka, sauti itarudi. Hilo angalau nilikumbuka kulisema.

Dokta akanivuta pembeni. Mashine ile ilikuwa ndiyo pekee iliyokuwa inafanya kazi, na tayari ilikuwa inasukumwa kwenda kwa mwanamke aliyetoka kujifungua kwa upasuaji na damu haikuwa imekubali kusimama. "Sista," akasema, "huyu akishindwa na chupa, hatuna pa kumrudisha." Akaondoka. Nikabaki namwangalia mtoto, mikono nyuma, mbavu zikiingia kidogo kila pumzi, lakini si sana.

Siku ile ilipita salama. Nilimwonyesha Odeta kila kitu: vijipira visitoke puani, visikandamize pua hadi ngozi ibadilike rangi, mdomo ukiachama sana mapovu yanapungua, hivyo amshike kidevu taratibu kwa kidole. Akawa anafanya vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba mama huyu nimemfundisha akafundishika.

Siku ya pili ya chupa, saa za kuona wagonjwa, alifika bibi wa mtoto. Alikuwa mama mzazi wa baba yake Speranse, na wote walimwita Mama Bigirimana, kwa jina la mwanawe. Alitoka Titye kwa bodaboda, ana vumbi hadi kwenye nyusi, mkononi kapu na chupa ya chai. Nilimwona akiingia. Nilikuwa mezani najaza fomu, nikampungia mkono na kurudi kwenye karatasi zangu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na kwa mtu aliyezaliwa huku Uha, nchi ya Waha, halina udhuru. Kwetu salamu haina haraka. Unainama kidogo, unapiga makofi ya polepole, unauliza kwao, mvua, shamba, wazee, na mtu anajua kwamba amefika kwa watu. Mimi nilimpungia kama naagana na abiria.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nilikuwa naandika, na masikio yangu yakaniambia kitu kimekosekana. Chupa ilikuwa imenyamaza.

Nilipofika, Mama Bigirimana alikuwa dirishani anamwaga maji ya chupa nje. Ule mpira mrefu alikuwa ameutoa, akaufuta kwa kitenge chake hadi ukakauka, akaulaza vizuri kwenye shuka. Mtoto alikuwa amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Odeta alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mikono mapajani, ameinamisha kichwa. Nikafunua blanketi. Mbavu zilikuwa zinazama, kichwa kinaitikia, midomo imeanza kupoteza rangi.

Nilipokonya ile chupa. Nikaijaza hadi kwenye plasta, nikarudisha mpira, nikaweka vijipira puani sawasawa, nikamshika kidevu. Na wakati mikono inafanya hayo, mdomo wangu nao haukukaa. Nilimwambia yule mama, mbele ya mkwewe na mbele ya wodi nzima, kwamba anataka kuua mjukuu wake. Nilimuuliza nani amempa ruhusa ya kugusa. Nikamgeukia Odeta nikamwambia, nilikufundisha jana yote, mbona umekaa tu unaangalia? Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi siku zote hutoka kama hasira. Si jambo la kujivunia.

Ilichukua muda mrefu Speranse kurudi alipokuwa. Rangi ilirudi kwanza, halafu kichwa kikaacha kuitikia. Nilipoinua macho, Mama Bigirimana alikuwa anajifunga kitenge upya kiunoni, na Odeta alikuwa anapanga nguo za mtoto kwenye beseni.

Nikauliza mnakwenda wapi. Yule mama hakunijibu mimi. Alisema kwa utulivu, kama anayezungumza na ukuta, "Tunarudi nyumbani. Kama ni kufa, afie kwenye joto."

Dokta Hamisi aliitwa. Alieleza vizuri sana. Alieleza mapafu, alieleza oksijeni, alieleza kwamba kuna fomu ya kusaini mtu anapomwondoa mgonjwa kinyume cha ushauri. Akina mama wale walimsikiliza kwa heshima, na Odeta akaendelea kukunja nguo. Baba wa mtoto alikuwa mbali Rungwe Mpya kwenye kibarua, na simu yake haikupatikana. Dokta akanitazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilikuwa nafikiri hivyohivyo: mtoto huyu akifika getini bila chupa, hafiki Titye.

Nilitoka nje kwenye bomba, nikanawa uso. Sikuwa na mpango wowote. Nilijiuliza Mama Leokadia angefanya nini, na jibu lililonijia ni kwamba angenirudisha mlangoni niingie upya.

Basi nikaingia upya. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi kwenye wodi yangu mwenyewe, wagonjwa wakashangaa. Nikaenda mpaka kwa Mama Bigirimana, nikainama, nikapiga makofi taratibu, nikamwamkia "Mwakeye, mama," ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini na salamu ile ni ya asubuhi. Niliona aibu, lakini ndiyo niliyokuwa nadaiwa tangu alipoingia. Mikono yake ikaanza kuitikia makofi yangu, nadhani kwa mazoea tu, maana mikono ya watu wa huku haiwezi kukataa salamu. Nikamuuliza habari za Titye. Nikauliza mvua. Akasema maharage yamepata ukungu. Nikamwambia yangu pia. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyosema mbele ya mkwewe, nikasema kwa sauti ya kusikika kitanda cha tatu, kwa sababu matusi yalisikika hadi huko.

Halafu nikamuuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya chupa sikuwahi kumuuliza mtu. "Mama, ulipoingia ukaiona ile chupa, uliona nini?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "Niliona maji," akasema. "Mtoto anaumwa imbeho, ninyi mmemfunga puani maji ya baridi yanachemka bila moto. Usiku na mchana yanaingia kifuani. Mkwe wangu ni mtoto, haoni. Mimi nimeona."

Imbeho ni baridi. Ukizaliwa huku milimani unajua nimonia inaitwa ugonjwa wa baridi, na bibi yeyote anajua mtoto wa baridi haogeshwi, hapewi maji ya mtungini, hapitishwi penye upepo. Na mimi, mtoto wa Waha, niliyefunikwa blanketi tatu na bibi yangu mwenyewe, nilikuwa nimewafungia watoto wa watu chupa ya maji baridi puani, nikawaambia akina mama mtunze huu mpira, usitoke. Sikuwahi kuwaambia maji yale yanaelekea wapi.

"Mama," nikasema, "maji hayaingii kwa mtoto. Pumzi ya mtoto ndiyo inayoingia kwenye maji."

Hakuamini, na sikumlaumu. Nikachukua mpira mpya na kikombe cha maji, nikauzamisha, nikampa apulize. Aligoma. Nikapuliza mimi. Akacheka kidogo kwa namna mashavu yangu yalivyotanuka, akauchukua. Akapuliza. Maji yakabubujika. Nikamuuliza kama amekunywa hata tone. Akajilamba midomo, akafikiri, akasema hapana. Nikamwambia apulize tena, polepole, asikilize kama maji yanamsukuma kidogo. Akapuliza mara tatu. "Yanakataa," akasema, "yanataka nisitoe yote." Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake yote. Yanamkatalia Speranse asitoe yote, ili pumzi inayofuata isimchoshe. Hewa anayovuta inatoka upande mwingine kabisa, nikamshikisha mpira wa hewa hiyo, nao haukuwa na maji.

Akaupapasa ule mpira kutoka mwanzo hadi mwisho. Odeta alikuwa ameacha kukunja nguo. Mwishowe Mama Bigirimana akamwambia mkwewe kwa Kirundi arudishe beseni chini ya kitanda, akavuta kapu lake, akanimiminia chai. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Sasa naomba mnivumilie niseme jambo lililonipata nikiwa na kile kikombe. Nilimkumbuka Yohana. Huyu alikuwa mgonjwa wangu Kibondo, wakati chupa zilipokuwa mpya, mtoto wa miezi saba kutoka Nyabibuye. Mara mbili nilimkuta vijipira viko nje ya pua, vimewekwa vizuri kando ya mto. Nilidhani ni mikono yake, nikamvalisha soksi mikononi. Mara ya tatu nikamkuta hivyohivyo, na soksi zipo. Mama yake alikuwa amekaa pale, kimya, ana adabu, na mimi nikafoka kuhusu plasta isiyonata. Yohana alifariki siku ya tatu. Nimonia yake ilikuwa mbaya, na huenda angekwenda hata angekaa na chupa muda wote. Sijui. Ninachojua ni kwamba mama yule aliona kitu, na alikaa nacho peke yake, na hakuna mtu aliyemuuliza. Nililia kwenye stoo ya dawa, mtu mzima nimebakiza miezi nistaafu, na sioni haya kuwaambia.

Nikarudi wodini nikafikiria lile lingine nililokosea, la Odeta. Nilimfundisha yeye peke yake nikajisifu. Nikasahau kwamba katika nyumba ile hana neno mbele ya mama mkwe. Unaweza kumfundisha binti kama huyu kila kitu, na mama mkwe akinyoosha mkono, yeye atapiga magoti. Si woga wala ujinga. Ndivyo alivyolelewa, na mimi pia ndivyo nilivyokaa kwa mama mkwe wangu miaka kumi na minne. Kumfokea kwa hilo kulikuwa uonevu.

Kwa hiyo jioni ile niliwafundisha wote wawili pamoja, na niliwafundisha kuhesabu pumzi, maana kesho yake tulitaka kumtoa Speranse kwenye chupa, abaki na oksijeni nyepesi ya puani, na baada ya hapo kungekuja habari ya kula. Hapo ndipo tunapopoteza watoto waliokwisha kupona. Mtoto anayepumua mbio hana nafasi ya kumeza. Ukimpa uji, unaingia njia isiyo yake, unakwenda kifuani, na unaanza upya. Na sisi mashine haikuwa yetu tena.

Odeta hakuzoea kuhesabu kwa kichwa hadi mbali. Nikamwomba Mama Bigirimana maharage kutoka kwenye kapu lake, tukahesabu sitini tukayaweka kwenye kikombe. Saa ya ukutani ilikuwa na ule mshale mwembamba unaokimbia. Mshale ukiwa juu, anza. Kila kifua kikiinuka, toa harage moja, weka kwenye sahani. Mshale ukirudi juu, acha. Ikiwa maharage yamekwisha kabla ya mshale kurudi, hakuna uji. Yakibaki machache, bado tunangoja. Yakibaki mengi, na mbavu haziingii, niiteni tujaribu. Sijui kama kuna kitabu kinachosema hivyo. Odeta aliyahamisha maharage yale jioni nzima, midomo inacheza, na mama mkwe akimwangalia mikono.

Asubuhi ya siku ya tatu tukaondoa chupa. Dokta Hamisi akabaki wodini, hakwenda kunywa chai, na kwa hilo nikamsamehe maneno yake yote ya Dar. Speranse alipumua haraka, akapunguza, akapumua haraka tena. Saa tano bado alikuwa hivyo. Si vibaya, si vizuri. Chupa tuliiacha kando ya kitanda, maji yake yamefika kwenye plasta, ikiwa itabidi kumrudisha.

Saa sita Mama Bigirimana alitoka nje kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, akarudi na uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati. Aliupika mwepesi, akaupooza kwa kuupeperusha, akaonja mwenyewe. Speranse hakuwa ameweka kitu mdomoni kwa siku nyingi, alikuwa analishwa kwa mpira wa tumboni. Aliona kikombe. Akanyoosha mkono ule usio na dripu, akafungua mdomo, na safari hii ilitoka sauti, ya kukwaruza, ndogo, lakini sauti. Wodi nzima ikageuka. Bibi yake machozi yakamtoka hapohapo. Akasema mjukuu wangu ana njaa, akakaa kitandani, akachota kijiko.

Nilikuwa mezani, hatua kumi hivi. Niliinuka nusu. Nilijua nikisema mimi itasaidia leo tu. Wataruhusiwa, watarudi Titye, na huko sitakuwepo mimi wala saa ya ukutani. Lakini kijiko kilikuwa njiani na kifua cha mtoto kilikuwa kinakwenda mbio. Niliona Odeta anahamisha maharage kwenye sahani. Sikuwa nimemwona alipoanza. Harage la mwisho liliingia kwenye sahani, akatazama ukutani, na mshale ulikuwa bado chini, haujafika hata pale panapoandikwa tisa.

Alipiga magoti. Nikadhani yamekwisha, kwamba atainamisha kichwa kama jana. Akapiga makofi mawili madogo ya heshima, halafu akanyoosha mkono akaushika mkono wa mama mkwe wake kwenye kifundo, kijiko kikiwa juu.

"Oya, Mabukwe," akasema. Hapana, mama mkwe. "Bado."

Mama Bigirimana aliutazama ule mkono uliomshika. Sidhani kama mke wa mwanawe aliwahi kumshika hivyo, wala kumwambia neno lile. Mimi nilijiinamia kwenye fomu nikaandika tarehe mara mbili. Speranse alikuwa analia kwa ile sauti yake ya kukwaruza, anataka uji.

Yule mama akarudisha kijiko kwenye kikombe. Akaisogeza sahani karibu na Odeta, akasema, "Hesabu tena."

Walihesabu tena. Yaliisha tena, ila mshale ulikuwa umekaribia juu. Walihesabu saa saba, walihesabu saa nane, mtoto amechoka kulia akalala ubavu kwenye mapaja ya bibi yake, kichwa juu. Nilikwenda mara moja tu, nikasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, nikaangalia, nikarudi bila kusema kitu. Uji uliganda, ukaenda kupikwa mwingine.

Saa kumi mshale ulirudi juu na kwenye kikombe kulikuwa na maharage kumi na tisa. Wakayahesabu wote wawili, kila mmoja kivyake. Odeta akaniita. Niliangalia mbavu, hazikuingia. Nikawaambia wamweke wima, kijiko kidogo, ameze, apumue, halafu kingine.

Mama Bigirimana alikuwa na kikombe mkononi. Huku kwetu bibi akiwepo, bibi ndiye anayelisha. Akakoroga uji, akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole, akamnyooshea mkwewe.

"Mpe wewe," akasema.

Odeta akampa. Speranse akameza, akavuta pumzi, akafungua mdomo tena.